Kitale hadi Masindi Port: Safari ya Kupeleka Rili ya Kumwagilia Kiryandongo

Picha nilizoweka kwenye statasi nikiwa njiani zilileta maswali mengi kuliko nilivyoweza kuyajibu kwa bando la Uganda, kwa hiyo nimekaa na daftari langu niyaandike yote pamoja. Lile gurudumu la bluu mliloliona juu ya lori ni mashine ya kumwagilia. Sisi mafundi tunaiita rili. Ni ngoma ya chuma iliyozungushiwa bomba gumu la plastiki, kipenyo milimita 110, urefu mita 400. Kwenye ncha ya bomba kuna kigari, na juu ya kigari kuna reingani, yaani mzinga wa maji, inayorusha maji mita 50 na zaidi. Trekta linakivuta kigari mpaka mwisho wa shamba. Maji yakifunguliwa, yanapitia kwenye tabaini, yaani gurudumu linalosukumwa na maji, tabaini inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha ngoma, na bomba linajiviringisha polepole huku kigari kikirudi kinanyesha. Hakuna vijana wa kuhamisha mabomba usiku wa manane.

Hii imetumika Trans Nzoia miaka kadhaa. Mwenyewe ameiuza kwa shamba la mahindi na soya wilayani Kiryandongo, Uganda, na mimi nikaombwa niisindikize, niifunge, kisha niwafundishe watu wa huko.

Jumatatu: Kitale – Malaba

Kabla ya kupakia tulipuliza bomba kwa kompresa. Usicheke. Bomba la ukubwa huu linashika karibu lita 2,500 za maji, yaani tani mbili na nusu ambazo hakuna anayeziona kwa macho. Mizani ya barabarani lakini inaziona. Tulipuliza mpaka ukatoka mvuke mtupu.

Watu waliuliza kwa nini hatukupita mpaka wa Suam ilhali uko karibu na Kitale. Barabara ya Suam kwenda Kapchorwa siku hizi ni lami safi, lakini miteremko ya Mlima Elgon na mzigo mrefu namna hii, dereva alikataa katakata. Mzee ameendesha malori tangu nikiwa shule ya msingi, sikubishana naye. Webuye, Bungoma, Malaba. Tulifika giza limeingia, tukaikuta foleni ya malori imelala barabarani.

Jumanne: Malaba, siku nzima

Wakala wetu wa forodha (simtaji, anajijua) alikuwa ameandika kwenye hati "mabomba ya plastiki". Ukiitazama kwa mbali unaweza kumwelewa, maana nusu ya mashine ni bomba. Lakini mabomba ya plastiki yana fungu lake kwenye orodha ya forodha na mashine za kumwagilia zina lake, namba 8424.82. Afisa alipanda juu ya lori, akaigonga giaboksi kwa kalamu, akauliza, "Na hii nayo ni bomba?" Hapo hati zikarudishwa kuandikwa upya, na sisi tukarudishwa kivulini.

Kwa anayefuata njia hii: hakikisha hati inataja mashine kwa jina lake na kazi yake, na beba kijitabu cha mashine chenye picha. Kijitabu changu kimechanika na kimeandikwa Kiitaliano, lakini ndicho kilichomaliza maneno. Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Kadi ya homa ya manjano nayo usiiache nyumbani.

Mchana tulikula wali na maharage kwa mama mmoja upande wa Uganda, sahani elfu nne za huko. Nilikuwa nimebadilisha pesa kwa 27, yaani elfu nne ni kama 150 zetu. Mama huyo aliposikia tumekwama tangu jana alichukua simu zetu zote tatu akazichomeka nyuma ya friji, na jioni akatuletea chai ya tangawizi mpaka kwenye lori. Nilipotaka kulipa akasema, "Wewe nenda, mwanangu. Utanilipa ukirudi na mashine imefanya kazi." Hati zilitoka saa kumi na moja jioni. Mzee akasema usiku haendi popote. Tulilala kwenye kebini.

Jumatano: Malaba – Lugazi

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Mwamba wa Tororo ulikuwa bado mweusi. Bugiri na Iganga zilipita nikisinzia, kisha mizani ya Magamaga, ambako nilishuka nikaitazama namba ikipanda huku nikiomba kimoyomoyo. Tukapita. Mzee akaniambia bila kunitazama, "Ile kompresa yako ilikuwa na akili."

Baada ya hapo miwa ya Kakira inakusindikiza pande zote mbili mpaka karibu na Jinja. Tanboi wetu, yaani msaidizi wa dereva, kijana wa Bungoma asiyewahi kuvuka mpaka, alitaka kuuona mto Nile kwa macho yake. Tulivuka kwa daraja jipya lile la nyaya, lililofunguliwa mwaka 2018, naye akatoa kichwa dirishani kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia atulie, mashine yetu inakwenda kuyanywa maji hayohayo siku chache zijazo, huko chini yakishatoka Ziwa Kyoga.

Namawojjolo iko mbele ya Lugazi kwa anayekwenda Kampala. Ukipunguza mwendo tu, vijana wenye makoti ya bluu wanakuzunguka na kuku wa kijiti, gonja (ndizi za kuchoma) na soda mkononi. Paja la kuku tuliambiwa elfu kumi, tukalipa saba. Gonja ni tamu kuliko kuku, huo ni msimamo wangu. Tulikula, tukarudi nyuma kidogo mpaka Lugazi kwenye maegesho ya malori. Mzee hakutaka kuingia Kampala jioni ya foleni, na chumba cha elfu 30 chenye neti nzima kilinitosha.

Alhamisi: Lugazi – Migyera

Barabara ya pembezoni ya kaskazini inakuokoa na katikati ya Kampala, lakini haikuokoi na bodaboda. Tulipokata kushika barabara ya Bombo tulitambaa zaidi ya saa nzima. Sina la kuongeza.

Bombo ndipo moyo wangu ulipotulia. Huu ni mji wa kambi ya jeshi na ni mji wa Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, na Lugard, afisa wa Waingereza, akawaleta huku mwaka 1891. Kiswahili hapo hakiombwi, kinakuja chenyewe. Tuliingia kwenye kibanda cha chai, na bibi mwenye kibanda akamsalimu Mzee "Shikamoo, baba" ingawa sidhani kama wanapishana miaka mitano. Wakacheka wote wawili. Alitupa gurusa za moto, chapati za Kinubi nene na laini, na akakataa kabisa kuzihesabu. Mwanajeshi mstaafu aliyeketi pembeni aliiangalia rili kwa muda akauliza, "Afande, hiyo ni mtambo wa kivita?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa: "Sasa wakulima nao wana mizinga."

Wobulenzi na Luweero ni mananasi. Nunua Luweero, usisubiri mbele: matatu makubwa elfu tano. Tanki tulijaza hapohapo, dizeli ikiwa karibu elfu tano kwa lita. Iandike bei hiyo pembeni, nitairudia.

Kuanzia Nakasongola nchi inabadilika: majani makavu, vichuguu, ng'ombe wenye pembe ndefu, na joto linalopanda kutoka kwenye lami. Migyera tulikula muchomo wa mbuzi na mihogo ya kuchoma. Hapo Mzee alizunguka mzigo akiwa na tochi, akaniita. Cheni ya kufungia ilikuwa imelegea na imekuwa ikigongagonga uma wa kuongozea bomba. Huo uma ndio unaopita kushoto na kulia mbele ya ngoma ili bomba lijipange vizuri, zamu kwa zamu. Pini yake ilikuwa imepinda na sikio moja limepasuka. Bila uma, bomba linajirundika upande mmoja na mashine haifai kitu.

Ijumaa: Migyera – Kigumba

Tulivuka mto Kafu mapema tukafika Kigumba saa nne. Niliuliza mchomeleaji, nikaelekezwa kwenye banda la mabati nyuma ya soko. Mzee mwenye banda alinisalimu kwa Kiswahili. Nilipomjibu kwa lafudhi yangu ya Kibukusu akanyamaza, kisha akanigeuzia Kimaragoli, lugha ndugu ya Kibukusu.

Nilikuwa nimesikia habari za Wamaragoli wa Kigumba, lakini kusikia si sawa na kusimama mbele yao. Wazazi wao walihama kutoka Kenya magharibi miaka ya 1950, wakafyeka mashamba huku, na watoto wao wakazaliwa Uganda bila kabila lao kuwamo kwenye orodha ya makabila ya nchi. Suala hilo wamelipigania kwa muda mrefu. Kimaragoli chake kilikuwa na maneno ambayo huku kwetu nimeyasikia kwa bibi peke yake.

Aliushika ule uma akaugeuza mara mbili. "Hii pini ilikuwa chuma laini," akasema. "Nikikurudishia chuma laini utarudi hapa kesho." Alitoa kipande cha springi ya lori, akakipasha moto mpaka kikawa na rangi ya chungwa, akakinyoosha kwenye fuawe, akakikata, kisha akakaa na jiwe la kusagia akikipima kwa tundu, anasaga, anapima, anasaga. Sikio lililopasuka alilichonga mfereji kwanza kabla ya kuchomelea, ili moto uingie ndani, si kupaka juu juu kama wanavyofanya wengi. Alipomaliza aliitia pini kwa kidole gumba tu. Ikaingia bila kucheza.

Alitaka elfu 60. Nilimpa 80 na nanasi la Luweero. Akamwita mjukuu wake alete ugali wa mtama, na hapo siku yetu ikaishia.

Jumamosi: Kigumba – shambani

Kutoka Kigumba unaacha lami na kukata mashariki kuelekea upande wa Masindi Port. Ni murram, mwezi wa pili ni vumbi tupu, lakini inapitika. Tatizo ni nyaya. Kwenye vituo vya biashara zinaning'inia chini, na ngoma yetu ilikuwa juu. Tanboi alitembea mbele kwa miguu kila kituo, mkono mmoja juu kama polisi wa trafiki. Mahali pawili tulisimama tukamtafuta fundi umeme wa mtaa azime kwanza. Usikubali mtu akuinulie waya kwa fimbo, hata akiapa kwamba ni wa televisheni.

Masindi Port leo ni gati la feri na wavuvi, lakini zamani vyuma vyote vya nchi vilipita hapa. Reli ilitoka Jinja ikaishia Namasagali, meli zikavuka Kyoga mpaka Masindi Port, kisha mizigo ikaenda kwa barabara mpaka Butiaba kwenye Ziwa Albert. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo yaliyoimaliza njia hiyo.

Shambani tulipokewa vizuri. Ila njiani mtu wa duka aliniuliza kwanza kama shamba hilo ni miongoni mwa yale yaliyohamisha watu. Kiryandongo ina migogoro ya ardhi kati ya mashamba makubwa na wakazi, wala haijapoa. Ukija huku na mashine kubwa utaulizwa, na si vibaya kujua mapema umeajiriwa na nani.

Jumapili: kufunga

Tulishusha rili kwa trekta mbili na magogo. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, miguu ya nanga ikakataa kuingia, ikabidi tuloweshe mahali pake tangu asubuhi. Usiruke hatua hiyo: bomba lililonyooshwa lote lina nguvu ya kuivuta mashine yenyewe.

Bomba tulilivuta jioni jua likiwa limepoa. Plastiki iliyokaa juani inalainika na inavutika, na ikishavutika hairudi. Dereva wa trekta alitaka kuonyesha mbio, nikapanda pembeni yake nikamshika bega mpaka akaelewa: mwendo wa mtu anayetembea, kuanza polepole, kusimama polepole, na mizunguko miwili ya bomba ibaki kwenye ngoma.

Jumatatu: maji

Pampu iko mtoni, shamba liko mita 40 juu yake. Tulipowasha, hewa ilitoka kwa mluzi mrefu, kigari kikatikisika, reingani ikakohoa matope, kisha ikarusha. Wafanyakazi wakapiga kelele. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye geji: presha ya baa 3 tu pale kwenye reingani, nami nilitaka 5. Kwa macho ya mgeni maji yalikuwa mengi, lakini matone yalikuwa makubwa mno, yanaanguka kama kokoto na kuufinyanga udongo. Tulirudi mtoni tukakuta kichujio cha pampu kimevaa blanketi la magugu maji. Vijana wakaingia na mapanga. Geji ikapanda mpaka 5, na maji yakapasuka hewani kuwa mvua ya kweli. Wekeni ngome ya wavu kuzunguka kichujio, mita chache mbali, na mtu wa kukisafisha kila asubuhi.

Tuliifunga reingani isizunguke duara zima, ili njia ya kigari mbele yake ibaki kavu. Kigari kinachotembea kwenye tope hupinduka.

Jioni meneja akaniita ofisini. Alisoma Kenya, Kiswahili chake ni cha Nakuru. "Fundi, hii itanyeshea ekari 200?"

Nikamwomba karatasi. Reingani inatoa mita za ujazo 60 kwa saa. Mistari ya kigari tumeitenganisha kwa mita 72. Kigari kikirudi mita 25 kwa saa, ardhi inapata milimita 33, na mita 400 zinaisha kwa saa 16. Ongeza muda wa kuhamisha, huo ni mvuto mmoja (kigari kupelekwa na kurudi mara moja) kwa siku, ekari 7 na kidogo. Mahindi yanayochanua kwenye jua hili hunywa kama milimita 6 kwa siku, kwa hiyo siku ya sita lazima urudi ulikoanzia. Siku tano mara ekari saba.

"Thelathini na tano," akasema. Hakufurahi.

"Nikiongeza mwendo?"

"Utafika mbali na mvua nyembamba. Maji ni yaleyale, bwana meneja."

Kisha tukafika kwenye ile bei ya dizeli ya Luweero. Reingani inataka baa 5, bomba lenyewe linakula mbili na nusu, tabaini kama moja, kupandisha mita 40 ni nne nyingine, na bomba kuu kutoka mtoni halikosi nusu. Pampu inatakiwa itoe 13. Injini ya kufanya hivyo inakunywa kama lita 8 kwa saa, 130 kwa mvuto mmoja. Ni shilingi 650,000 za Uganda, zaidi ya 90,000 kwa ekari, kila mara unapomwagilia. Wanaonunua rili huuliza urefu wa bomba. Ningekuwa mnunuzi, swali langu la kwanza lingekuwa mlima kati ya shamba na mto.

Kibali cha maji cha wizara walikuwa nacho, wamenionyesha. Uganda huwezi kutega pampu ya injini mtoni hivihivi, na mashine hii kwa mvuto mmoja inanyonya karibu mita za ujazo 1,000.

Meneja alikaa kimya, akatoa ramani, akachora mstari upande wa chini karibu na mto. Ekari 35 za mahindi ya mbegu zitamwagiliwa, maana mbegu ina bei. Zingine zitasubiri mvua ya mwezi wa nne kama za majirani.

Kurudi

Lori lilishapakia soya likatangulia. Mimi nilibaki siku mbili kuwafundisha vijana, halafu nikapanda basi Kigumba hadi Kampala kwa elfu 30, na lingine hadi Malaba. Yule mama wa chai nilimlipa. Alikataa noti ya kwanza, ya pili akaichukua.

Juzi meneja alipiga simu. Vali ya mwisho inajifunga yenyewe kigari kikifika, hata alfajiri mlinzi akiwa amelala, na bomba linajipanga sawasawa kwenye uma wa mzee wa Kigumba. Sasa anataka nozeli (mdomo wa reingani) ya milimita 24 badala ya 26 aliyonayo, apunguze dizeli. Nimemtumia bei. Nimemwambia pia kwamba maji yatapungua kama sehemu moja ya saba, kwa hiyo apunguze mwendo wa kigari kwa kiasi hichohicho na ahesabu ekari zake upya kabla ya kulipa.